Kupanga siku kwa adhana na maji

Miongozo mingi ya kupanga muda humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye saa ya ukutani: aamke saa fulani, afanye mazoezi dakika kadhaa, asome kabla ya kwenda kazini. Niliufuata mwongozo wa namna hiyo kwa dhati nilipoamua kurudi masomoni huku nikiwa na kazi, nikanunua shajara yenye mistari ya kila nusu saa, na kabla ya mwezi kuandama tena shajara ile ilikuwa imegeuka daftari la madeni ya dukani. Uvivu wangu ulichangia, sikatai, lakini tatizo kubwa lilikuwa jingine. Nilijaribu kuigawa siku ya Unguja kwa mipaka ambayo haimo ndani yake, na mipaka iliyomo nikaipita bila kuitazama.

Basi kabla ya kubadili jambo lolote, andika siku 7 za maisha yako jinsi zilivyo. Gawa ukurasa wa daftari katika vipande 5: kutoka Alfajiri hadi Adhuhuri, Adhuhuri hadi Alasiri, Alasiri hadi Magharibi, Magharibi hadi Isha, na Isha hadi kulala. Hata asiyekuwa Muislamu, akiwa anaishi mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, au Wete na Chake Chake kule Pemba, huisikia adhana kila siku na anaweza kuitumia kama alama. Katika kila kipande andika ulichofanya hasa, si ulichokusudia kukifanya, na usione haya kuandika kukaa barazani, kungoja daladala au kuangalia simu. Daftari hilo ni lako peke yako, na ukilidanganya utakuwa umejidanganya mwenyewe.

Utakapolisoma baada ya wiki utaona kwamba vipande havilingani. Kutoka jua kuchomoza hadi Adhuhuri ni takriban saa 6, ilhali kati ya Magharibi na Isha ni saa moja na dakika chache tu. Kwangu mimi kipande kilichokuwa kikipotea ni cha Alasiri hadi Magharibi, kwa kuwa wakati huo kazi huonekana kama zimekwisha na usiku haujaingia, mtu akabaki katikati asijue ahesabu anapumzika au anafanya jambo. Kwako huenda kikawa kingine, na ndiyo maana ya kuandika.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini adhana iwe bora kuliko saa. Zanzibar iko kwenye nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, hivyo wakati wa jua kutua hauhami hata saa moja kwa mwaka mzima. London jua hutua kabla ya saa 10 alasiri mwezi Desemba na baada ya saa 3 usiku mwezi Juni, kwa hiyo mtu wa huko hana budi kushika saa ya ukutani, maana jua halimpi alama anayoweza kuitegemea mwaka mzima. Sisi jua linatutosha, na saa yetu ya Kiswahili imehesabiwa kutokana nalo. Zaidi ya hayo, adhana haingoji uikumbuke, bali inakuja yenyewe na kukukuta ulipo.

Hatua inayofuata ni kuchagua jambo moja, moja tu, na kulifunga kwenye tukio ambalo tayari linatokea kila siku bila jitihada yako. Tukio hilo tuliite kigingi, kwa mfano wa vigingi ambavyo wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani huvikita mchangani kisha wakafunga kamba zao: mwani wenyewe ni mwepesi na maji yangeuchukua, lakini kigingi hakiondoki. Kusema "nitakuwa nasoma jioni" ni kuacha kamba ikielea. Sema, "Nikishamaliza sala ya Alasiri, kabla sijanyanyuka kwenye mkeka, nitafungua kitabu na kusoma kurasa mbili." Sentensi hiyo ina wakati, ina mahali, na ina kiasi, tena mtu akikuuliza kama umetekeleza, jibu ni ndiyo au hapana.

Kigingi si lazima kiwe sala. Fundi cherehani anayetaka kuweka hesabu za biashara yake atashindwa akijiahidi kuzifanya usiku, kwa sababu usiku amechoka na risiti ziko kibandani. Lakini akiamua kwamba hafuniki cherehani kabla ya kuandika fedha iliyoingia na iliyotoka, basi kile kitambaa cha kufunikia kinakuwa mkumbushaji wake. Mwanafunzi anayesoma katika skuli yenye zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana, ratiba yake ya saa huvunjika kila zamu inapobadilika, ila kuvua sare hakubadiliki. Na akikaa kudurusu mara tu baada ya kuivua, zamu yoyote itakayokuja haitamsumbua. Angalia tu kwamba kigingi chako kinatokea mahali ambapo vifaa vya kazi vipo. Kigingi kizuri mjini kwa kazi iliyoko shamba ni bure.

Kiasi kiwe kidogo mpaka ukione aibu kukitaja, kama kurasa mbili, dakika 10 au mstari mmoja wa hesabu. Wengi husikia kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21, wakajikuta siku ya 22 bado wanajilazimisha, wakakata tamaa. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha mwaka 2010 utafiti uliowafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amefunga jambo dogo la kula, kunywa au mazoezi kwenye tukio la kila siku. Wastani wa muda uliohitajika ili jambo lianze kufanyika bila kufikiriwa ulikuwa siku 66, na makadirio yalitofautiana kutoka siku 18 hadi 254 kulingana na mtu na jambo lenyewe. Walibaini pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kilichojengwa. Kwa hiyo ukikosa, usitafute fidia ya kufanya mara mbili kesho. Kesho fanya kiasi kile kile cha kawaida.

Kwa anayeishi pwani ya mashariki na kuitegemea bahari, adhana pekee haitoshi. Wakati wa maji kujaa na kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, na siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa 4 au 5 asubuhi, wakati ambao shamba la mwani ndilo linalomwita mwenyewe. Mazoea yaliyowekwa asubuhi hiyo yatavunjika mara mbili kwa mwezi bila kosa la mtu. Tengeneza ratiba mbili: ya bamvua, ambayo ina jambo lako dogo tu tena baada ya Isha, na ya maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu, ambamo unaweka kazi zinazotaka utulivu, kama vile kuhesabu mauzo, kushona, au kwenda mjini kufuatilia hati. Wanawake wa huko wamekuwa wakiishi hivi siku zote. Kinachoongezwa hapa ni kuiandika tu.

Siku ya kesho ipange leo baada ya Magharibi. Kwa hesabu ya wazee wetu siku huanza jua linapotua, ndiyo maana usiku wa Alhamisi wao huuita usiku wa Ijumaa, na hesabu hiyo ina faida kubwa kwa mtu mwenye shughuli. Anayeamka na kuanza kufikiri afanye nini huwa amekwishachelewa, ilhali aliyeweka kitabu juu ya mkeka, akapiga pasi kanzu na kutenga nauli tangu usiku, asubuhi anatekeleza tu.

Yapo mambo mawili yatakayokuingilia. La kwanza ni simu, ambayo haimalizi saa yako kwa mkupuo bali kwa kuonja onja, na chovya chovya humaliza buyu la asali. Iache chumba kingine, ikiwa na mlio wa kupiga tu, kwa muda wa kile kipande kimoja ulichochagua. La pili ni mgeni, na hapa ushauri wa kigeni wa kumwambia mtu kwamba huna nafasi hautufai, kwani anayepiga hodi hakaribishwi mlangoni akarudishwa. Ukijua kwamba nyumba yako hupata wageni baada ya Alasiri, usiweke hapo kazi inayotaka kichwa. Iweke kabla, au weka hapo kazi ya mikono isiyozuia mazungumzo, kama wafanyavyo wanaoshona kofia za viua huku wamekaa barazani.

Ramadhani itavuruga vigingi vyote, na kwa Pemba msimu wa karafuu utafanya vivyo hivyo, kwa kuwa watu huondoka alfajiri kwenda kuchuma na jioni huchambua karafuu mpaka usiku. Usiache, punguza: kurasa mbili ziwe mistari mitano, na kigingi kihamishiwe baada ya daku au kabla ya kuchambua. Nje ya nyakati hizo, kila usiku wa kuamkia Ijumaa fungua daftari na uhesabu ni siku ngapi kati ya 7 umetekeleza. Zikiwa 5 au zaidi kwa wiki 4 mfululizo, hapo ndipo uchague jambo la pili, na ulifunge kwenye kigingi kingine, si kile kile cha kwanza.