Ukitaka kulinganisha utafiti wa Bongo na wa Kenya, anza na hela usije ukaumbuka

Dogo wangu yupo mwaka wa pili chuo hapa Dar, Jumapili kaja nyumbani na asaimenti ya kulinganisha sayansi na ubunifu wa Tanzania na Kenya, jedwali kashajaza na hitimisho kashaandika kabisa, eti kwenye hela za utafiti tunawakimbiza Wakenya vibaya sana. Nikachungulia laptopu. Kumbe kachukua bilioni zao kwa shilingi yao, bilioni zetu kwa shilingi yetu, akaziweka mstari mmoja kama mapacha, na wakati shilingi moja ya Kenya inacheza kwenye ishirini za kwetu. Sikumcheka sana maana na mimi nishawahi kufanya madudu hayohayo, tena mbele ya bosi.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote badilisha hela zote ziwe za aina moja, au bora zaidi achana na shilingi kabisa uangalie utafiti unakula asilimia ngapi ya pato la taifa. Hizi namba UNESCO wanazo na ni bure. Ila angalia mwaka! Ile ya Kenya inayozunguka sana, 0.79, ni ya 2010, ya kwetu ni kama 0.5 na ni ya 2013, sasa ukiziweka pamoja bila kuandika miaka unakuwa umedanganya bila kusema uongo. Lengo la Umoja wa Afrika ni asilimia 1, kwa namba hizo hakuna aliyefika, na Kenya sheria yao ya sayansi ya 2013 inataja mpaka asilimia 2, lakini sheria kutaja na hela kutoka hazina ni habari mbili tofauti, we andika zote mbili kila moja kivyake.

Afu gawa kwa watu. Sensa yetu ya 2022 ilitoa watu 61,741,120, ya kwao ya 2019 ilitoa 47,564,296. Idadi ya watafiti, makala, hataza (zile haki za kumiliki uvumbuzi), kila kitu ukikigawa kwa milioni moja ya watu picha inageuka, mara nyingi haigeuki upande wetu, ila ndo hivyo.

Hapa kwenye taasisi ndo watu wengi wanachemka na mimi nitakaa kidogo. Huku kwetu kuna COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliundwa kwa sheria ya 1986, ipo pale Kijitonyama, ukipanda daladala ya Mwenge unashuka kituo kinaitwa Sayansi. COSTECH inatoa vibali vya utafiti, inasimamia mfuko wa hela za utafiti unaoitwa MTUSATE, na ubunifu nao upo humohumo, Buni Hub, kile kituo cha kulea wabunifu, ipo jengo hilohilo. Kenya hiyo kazi waliigawa kwenye sheria yao ya 2013: NACOSTI vibali na usimamizi, National Research Fund hela, KENIA ubunifu. Sasa mtu anachukua bajeti ya COSTECH anaipambanisha na ya NACOSTI peke yake, yaani unapima nyumba nzima na chumba kimoja cha jirani. Kabla hujalinganisha majina linganisha kazi.

Jozi nzuri ya kuanzia ni NIMR yetu na KEMRI yao, taasisi za utafiti wa tiba. Zote mbili zilianzishwa 1979 na hiyo siyo bahati tu, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilivunjika 1977 na utafiti wa tiba ulikuwa chini yake, kwa hiyo kila mtu akarudi kwake kujenga cha kwake. Walioanzia sehemu moja ndo inapendeza kuwapima wamefika wapi. Tofauti na hapo, kumbuka Nairobi kuna taasisi za kimataifa kama icipe, ile ya wadudu aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo 1970, na ILRI ya mifugo, kazi zao zinaingia kwenye hesabu ya Kenya. Usizifute, ziwekee safu yake.

Kwenye makala za kisayansi usitafute neno "Tanzania" kwenye kichwa cha habari, utaletewa simba wa Serengeti walioandikwa na watu wa Ulaya watupu. Tafuta kwa taasisi ya mwandishi, afu angalia nani kaandikwa wa kwanza na nani wa mwisho, maana huyo wa mwisho mara nyingi ndo mwenye mradi. Na kuna kuhesabu mara mbili: majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalifanyika vituo 11 kwenye nchi 7, kwetu Bagamoyo na Korogwe, kwao Kilifi, Kombewa na Siaya, makala yake moja inahesabika huku na kule.

Ubunifu sasa. Kila mtu atakuambia M-Pesa, sawa, Kenya 2007, sisi 2008. Ila mfumo wenyewe ulitoka Vodafone ya Uingereza, na Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini walikuja kuinunua M-Pesa yenyewe 2020. Upande wa pili, kutuma hela kutoka mtandao mmoja kwenda pochi ya mtandao mwingine sisi tulianza 2014, Kenya 2018. Sasa nani kamzidi mwenzake? Inategemea unauliza kuanza au kuunganisha, kwa hiyo andika swali lako juu ya jedwali kabla ya kutafuta namba.

Hataza zinasajiliwa BRELA kwetu na KIPI kwao, tenganisha za wenyeji na za makampuni ya nje. Zikiwa chache usishtuke, mafundi wa Gerezani wanatengeneza mashine kila siku na hakuna anayepeleka fomu. Wa kumtaja kwetu ni Dk. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela Arusha, chujio lake la maji lilichukua tuzo ya ubunifu wa uhandisi ya Africa Prize 2015.

Dogo karekebisha mpaka saa sita usiku, chini ya jedwali nikamlazimisha aandike kiwango alichobadilishia hela na tarehe yake. Analalamika eti nafasi imeisha, nikamwambia apunguze ukubwa wa maandishi.