Kupitisha kebo ya umeme chini ya reli bila kukata mtaro

Hapa Tabora reli inagawanyika, moja inakwenda Kigoma, nyingine Mwanza, na treni haimsubiri fundi umeme. Kebo ya kilovolti 33 ikilazimika kuvuka, tunatoboa kwa mlalo. Kibali cha wenye reli kiwe mkononi kabla mashine haijashushwa kwenye lori.

Kwanza fukueni kwa jembe na sururu kila penye bomba la maji au kebo ya simu. Msiiamini ramani peke yake: imechorwa ofisini, bomba limelazwa na mtu aliyekuwa anakwepa mizizi ya mwembe.

Sasa tope, yaani maji yaliyochanganywa na bentonaiti (unga wa udongo unaovimba), ambayo pampu husukuma shimoni ili kuta zisibomoke. Hapa ndipo kazi nyingi hufia, na wasimamizi hulaumu mashine. Kichanga chetu hujifukia chenyewe tope likiwa jepesi. Pimeni maji, yakiwa magumu, tieni magadi soda mpaka pH ifike 8.5 hadi 9.5. Bentonaiti mwagieni kidogo kidogo huku pampu inazungusha, la sivyo itafanya madonge kama ugali wa bachela. Halafu jazeni faneli ya Marsh, kipimo cha uzito wa tope kwa muda linaotiririka: maji matupu hujaza kikombe chake kwa sekunde 26. Kwenye mchanga mimi sikubali chini ya 45. Mkiingia kwenye udongo mweusi wa mbuga msizidishe bentonaiti, tieni polima, dawa ya kuzuia udongo kuvimba, kwa sababu udongo ule huvimba ukabana rodi, zile fimbo za kuchimbia.

Kichwa cha kuchimbia kimekatwa mshazari. Ukisukuma huku unazungusha, kinanyooka. Ukisukuma bila kuzungusha, kinapinda. Mwenye lokata, kifaa cha kukitafuta kichwa kikiwa chini ya ardhi, anatembea juu akisoma kina na mwinamo. Chuma cha reli huvuruga vipimo, kwa hiyo asome vizuri kabla ya kufika relini na tena akishavuka.

Shimo lipanuliwe mara moja na nusu ya upana wa bomba litakalobeba kebo: bomba la milimita 200, shimo 300. Kati ya rima, yaani kichwa cha kupanulia shimo, na bomba funga swivo, kiungo kinachozunguka chenyewe, ili bomba lisizunguke. Mkianza kuvuta bomba, chai isubiri. Ukisimama, tope linaganda na bomba linanasa. Tope likiacha kurudi shimoni, punguza shinikizo papo hapo na umtume mtu akaangalie kama ardhi chini ya reli haijainuka.

Kebo huja mwisho. Fezi tatu, yaani nyaya tatu za umeme, zipite pamoja. Fezi moja peke yake ndani ya bomba la chuma hulichemsha bomba. Alumini ukiivuta kwa jicho lililofungwa kwenye kondakta haipaswi kuzidi nyutoni 30 kwa milimita mraba, kwa hiyo kebo tatu za milimita mraba 240 ni kama kilonyutoni 21. Weka dainamomita, kipima nguvu ya kuvuta, usikisie kwa kelele za winchi. Na kwa kuwa kebo iliyo chini sana hupoa polepole, mhandisi apige upya hesabu ya mkondo ambao kebo inaweza kubeba.

Pima kama ala, yaani gamba la nje la kebo, ni nzima kabla ya kuunga, kisha ziba midomo ya bomba siku hiyohiyo. Panya wa stesheni hawachelewi.