Tela la pikipiki la kubebea mazao: namna ya kulichomelea, na kiungo kinachoruhusu pikipiki kulala

Mpunga ukianza kuvunwa hapa Ifakara, karakana yangu hupokea watu wa aina mbili. Kuna waliopinda keria kwa kubebesha magunia, na kuna waliokwisha kuchomelea tela ambalo likifika kwenye kona linagombana na dereva. Juzi nimemaliza kumsaidia kijana wa aina ya pili. Fremu yake ilikuwa safi na michomeleo imeshiba, lakini kiungo cha kushika tela na pikipiki alikiweka bolti moja tu iliyosimama. Pikipiki haikuweza kulala kwenye kona hata kidogo. Tulikata kiungo chote tukaanza upya, na aliponiomba nimwandikie hatua ili mdogo wake wa Mlimba naye atengeneze, nikaona bora niziweke mahali ambapo na wengine watazisoma.

Maelezo haya ni ya pikipiki za cc 125 hadi 150 (Boxer, TVS na jamaa zake) na tela la magurudumu mawili. Nachukulia kwamba kukata na kuchomelea unajua, au una fundi anayejua.

Hatua ya 1: Vipimo

Sanduku liwe na urefu wa sentimita 120, upana 80, kina 35. Usivutwe na tamaa ya upana. Ukijumlisha magurudumu, tela zima lisivuke sentimita 110, maana dereva hupima njia kwa usukani wake, na kilicho nyuma hakioni.

Kuanzia pini ya kiungo hadi ukingo wa mbele wa sanduku acha sentimita 75. Ekseli ikae sentimita 150 kutoka kwenye pini. Ukipiga hesabu utaona ekseli imeangukia sentimita 15 nyuma ya katikati ya sanduku. Hiyo ni makusudi: mzigo ukisambaa sawasawa, kiasi cha asilimia 10 ya uzito unakaa kwenye kiungo. Ukiweka ekseli katikati kabisa, au mbele ya katikati, uzito unahamia nyuma, kiungo kinainua mkia wa pikipiki, na ukifika mwendo wa kilomita 30 tela linaanza kuyumba kushoto na kulia, kila myumbo mkubwa kuliko uliotangulia.

Hatua ya 2: Fremu na sanduku

Bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, unene milimita 2. Tumia vijiti vya kuchomelea vya milimita 2.5. Shikiza kwa nukta pande zote kwanza, pima pembe kwa pembe, kisha ndipo uchomelee moja kwa moja. Mkono wa kuvutia uwe mabomba mawili yanayotoka kwenye pembe za mbele za sanduku na kukutana mbele kama herufi A. Bomba moja la katikati linatosha kwa macho, ila kwenye mashimo linajikunja.

Sakafu weka mbao, na uache nafasi ya kidole kati ya ubao na ubao. Wengi wanapenda bati nene. Mimi sipendi: linashika maji, linaoza kwa chini ambako huoni, na likibonyea halirudi. Ubao ukivunjika unang'oa mmoja unapigilia mwingine.

Hatua ya 3: Magurudumu

Nunua magurudumu ya bajaji, yale ya tairi 4.00-8, pamoja na habu na beringi zake. Habu ya bajaji imeundwa kushikwa upande mmoja, na ndivyo tela linavyotaka.

Gurudumu la pikipiki limeundwa kushikwa pande zote mbili. Ukilining'iniza kwa ekseli yake nyembamba upande mmoja, ekseli itapinda. Na hata ukilitengenezea mikono miwili, spoku zake hazikuzoea kusukumwa kwa ubavu: pikipiki hulala kwenye kona, tela halilali, kwa hiyo nguvu yote ya kona inaenda kwenye spoku. Magurudumu ya toroli sisemi sana. Mengi hayana beringi za maana, na kwa mwendo wa pikipiki yanachemka.

Springi sifungi. Kwa mzigo mdogo kama huu, springi za chuma bapa ni ngumu mno, na tela likiwa tupu linarukaruka. Punguza upepo kidogo kwenye tairi, inatosha.

Kabla ya kuchomelea ekseli moja kwa moja, chukua kamba isiyovutika. Funga kwenye pini ya kiungo, vuta hadi ncha ya ekseli ya kushoto, weka alama, kisha peleka kulia. Lazima zilingane. Tofauti ya hata sentimita moja inafanya tela litembee kimshazari na kula tairi.

Hatua ya 4: Kiungo

Hapa usiharakishe. Hatua nyingine zote ukikosea unapoteza chuma. Hii ukikosea unapoteza mtu.

Gari la magurudumu manne likivuta tela, kiungo kinahitaji miendo miwili: kukunja kushoto na kulia, na kupanda na kushuka. Pikipiki inaongeza wa tatu, kwa sababu kwenye kona inalala wakati tela linabaki limesimama. Kiungo kisipotoa nafasi hiyo, ama tela litanyanyua gurudumu moja, ama pikipiki itakataa kulala na wewe utaenda moja kwa moja porini. Kile kiungo cha kichwa cha duara cha magari madogo, cha milimita 50, hakitoshi. Kinalala kidogo kisha kinagota.

Krosi ya propela shafti ya Kirikuu (kile kipikapu kidogo) nayo hupendwa na mafundi, na kweli inakunja pande mbili. Tatizo ni kwamba haikunji vya kutosha. Ukitaka kugeuza kwenye njia nyembamba ya kati ya majaruba, masikio yake yanagongana mapema.

Mimi natumia shingo ya usukani ya pikipiki chakavu. Ile shingo ina kombe mbili na gololi, inazunguka mduara mzima, inabeba kuvutwa na kusukumwa, na grisi inakaa. Chukua bomba la shingo lenyewe, mhimili wake ukiwa na ile sahani ya chini inayoshika shokapu za mbele, kombe zote, gololi zote na nati zake. Jambo moja la kuangalia unaponunua: pikipiki nyingi zimepigwa namba ya chesisi kwenye shingo hiyohiyo. Dai maandishi ya mauziano yenye hiyo namba. Usikubali shingo iliyosagwa namba, hata ukipewa bure, na wewe usiisage.

Sasa mpangilio. Kutoka kwenye pikipiki kwenda nyuma, fuata hivi: kwanza pini iliyosimama wima, kwa ajili ya kushoto na kulia, pili bolti iliyolala kukingama, kwa ajili ya juu na chini, tatu shingo inayozunguka, ikiwa imelala kufuata urefu wa tela. Usiubadilishe. Kuna wanaoweka shingo ya kuzunguka upande wa pikipiki, na pini ya wima katikati. Kwenye barabara iliyonyooka linakwenda vizuri. Ukikunja hadi tela lisimame mraba na pikipiki, shingo na ile bolti ya kukingama zinaelekea upande mmoja, miendo mitatu inabaki miwili, na kiungo kinagoma. Ukilazimisha, kinachopinda ni fremu ya pikipiki.

Kuchomelea shingo kwenye mkono wa tela kuna masharti yake:

Toa gololi zote na ugonge kombe zitoke kabla ya kuwasha mashine. Moto ukizifikia, ule ugumu wa chuma chake unakwisha na zitakwanguka ndani ya msimu mmoja.

Chomelea kipande kifupi juu, kisha chini, kisha kushoto, kisha kulia, huku ukisubiri. Ukizungusha mshono mmoja mfululizo bomba linavutwa na joto, tundu linakuwa yai, na kombe hazirudi.

Usimwagie maji. Acha lipoe lenyewe, hata kama mteja amesimama mlangoni. Chuma kilichochomelewa kikapozwa kwa maji kinakuwa kikavu, na kiungo kinachogongwa na kila shimo hakitaki chuma kikavu.

Ongeza vibapa vya pembetatu pande mbili, kati ya shingo na ile A. Mshono peke yake usiuamini.

Ile sahani ya chini ielekee mbele. Kwenye pikipiki nyingi mhimili umeingizwa kwenye sahani kwa kubanwa tu, kwa hiyo zungushia mshono, tena kidogo kidogo. Kata mabawa yake ya kushika shokapu, na mahali pake chomelea masikio mawili ya chuma bapa cha milimita 8 yenye tundu la bolti ya kukingama. Bolti iwe ya milimita 16, kichwani imeandikwa 8.8. Bolti isiyo na maandishi iache dukani. Kati ya masikio weka bushi iliyokerezwa, si kipande cha bomba la maji. Kama huna jinsi na unatumia bomba lenye zinki, lisage zinki yote kwanza na ufanyie kazi penye upepo, maana moshi wake unaleta homa.

Ukirudisha gololi, kaza nati hadi uchezi uishe, kisha iachie kidogo. Ishike kwa mkono: izunguke laini, isitikisike. Juu yake funga nati ya pili. Tela likivutwa, mvuto wote unaning'inia kwenye nyuzi za hizo nati mbili.

Hatua ya 5: Upande wa pikipiki

Fremu ya pikipiki usiichomelee. Funga kwa bolti. Tengeneza mkono wa kushoto na wa kulia, kila mmoja ushike sehemu mbili: bolti ya juu ya shokapu ya nyuma, na pale vyuma vya abiria vya kukanyagia vilipofungwa kwenye fremu. Mikono hiyo ikutane nyuma ya tairi. Keria na madigadi havivuti kitu.

Pini ikae usawa wa nati ya gurudumu la nyuma, kama sentimita 30 kutoka chini. Kiungo kikiwa juu, ukipanda mlima na mzigo usukani unakuwa mwepesi mno. Kati ya tairi na chuma acha sentimita 10, kisha watu wawili wakae wadunde, uone kama tairi, cheni au ekzosi inagusa popote. Pini nayo iwe ya milimita 16, na chini yake tundu la pini ya usalama. Ukiichomoa hiyo, tela limebaki shambani na pikipiki imerudi kuwa bodaboda. Ndiyo faida yake kuliko kununua guta.

Hatua ya 6: Cheni ya akiba, taa

Cheni moja kutoka kwenye A ya tela hadi kwenye fremu ya pikipiki, ikiwa na ulegevu wa kutosha kukunja. Isifungwe kwenye kiungo chenyewe. Taa ya breki vuta waya kutoka taa ya nyuma, na ubandike viakisi vyekundu kwenye pembe zote mbili za nyuma.

Hili nalitengeneza kwa njia za mashambani. Anayetaka kulipandisha lami aende kwanza TRA na kwa polisi wa usalama barabarani waulizwe kuhusu usajili. Na mtu asikae ndani ya tela, hata mtoto, hata mita mia.

Hatua ya 7: Kujaribu

Jaribio la kwanza ni la kusimama. Unganisha tela, mtu mmoja ashike usukani, mwingine ashike keria, muilaze pikipiki taratibu kushoto hadi chuma cha dereva cha kukanyagia kiguse chini, kisha kulia. Wakati huo wewe chuchumaa uangalie magurudumu ya tela. Yote mawili yabaki yamekanyaga. Sasa kunja tela hadi mraba, na urudie kulaza. Kiungo kikigusa popote, rangi itakwanguka pale, saga hapo.

Jaribio la pili ni mizani. Jaza mzigo, ondoa pini, weka ncha ya kiungo juu ya mizani kwenye kimo kilekile inapokaa ikiwa kwenye pikipiki. Kwa tela na mzigo wa kilo 150 pamoja, mizani isome kati ya 15 na 20. Ikisoma chini ya hapo sogeza magunia mbele.

Kisha nenda uwanjani. Kwanza tupu, halafu na viroba vya mchanga. Pikipiki hailihisi tela likiwa tupu, na hapo ndipo watu hujisahau.

Hatua ya 8: Kuendesha

Tela na mzigo visizidi kilo 180 kwa pamoja, maana tela halina breki na breki zako zinasimamisha vyote. Gunia moja la kilo 100 na vitu vidogo. Lumbesa hapana. Mwendo usivuke kilomita 40, na kwenye matuta shuka hadi gia ya kwanza. Kwenye mteremko weka gia ndogo tangu juu; breki ya nyuma ianze, ya mbele ifuate taratibu. Ndani ya kona usiguse ya mbele: tela linakusukuma kutoka nyuma wakati umelala.

Funga mzigo kwa mipira ya matairi, na mzito uwe chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo.

Baada ya safari ya kwanza ya mzigo kaza nati zote upya, kwa sababu rangi iliyo chini ya washa inasagika na bolti zinalegea. Kila wiki ya msimu osha tope kwenye kiungo na upige grisi. Ukiosha, angalia pembeni mwa mishono ya shingo na ya masikio. Mstari mwembamba wa kutu unaotokeza juu ya rangi ambayo bado ni mpya ni ufa. Usiupake rangi wala usiurudishie mshono juu yake. Saga hadi ufa uishe wote, ndipo uchomelee.