Jaribu bikari kabla hujalipa

Ukimnunulia mwanao wa sekondari mkebe wa hesabu, usidanganyike na rangi ya bati. Toa bikari, ifungie penseli fupi iliyochongwa vizuri, chora duara palepale dukani. Mstari ukirudi ulipoanzia, lipa. Ukipishana hata kwa unene wa uzi, miguu imelegea. Rudisha, maana pembe ya nyuzi 60 itakayochorwa nayo itamponza.

Kikokotoo nacho, bonyeza sin 30. Kikileta 0.5 kiko kwenye digrii, yaani nyuzi. Kikileta -0.988 kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, na wengi (hata mimi enzi zangu) huishia kuilaumu fomula bure.

Rula iliyolika ncha? Pima kuanzia 1, kisha toa hiyo sentimita.