Namna ya Kununua Kuku, Nyama, Samaki na Mboga za Mgahawa kwa Uhakika

Mwenye mgahawa jijini Dar es Salaam anayetaka kuwapa wateja wake chakula salama, kilichotokana na mifugo iliyotunzwa vizuri na bahari isiyoharibiwa, ana kazi moja ya kufanya kabla hajaanza kujadili bei: kumfahamu mtu aliye nyuma ya dalali. Maneno "kuku wa kienyeji" au "samaki wa leo" yakiandikwa kwenye menyu hayathibitishi chochote, na dalali, hata akiwa mkweli, hawezi kujibu asichokijua. Chukua menyu yako, chagua vyakula vichache vinavyobeba mauzo, na uanze na hivyo. Anayetaka kubadili kila kitu kwa mpigo mmoja mara nyingi huishia kubadili maneno ya menyu tu.

Anza na kuku, kwa sababu huliwa sana na huteseka sana. Nenda bandani mwenyewe, tena bila kutoa taarifa ya siku nyingi. Chuchumaa uwe usawa wa kuku na uvute pumzi: macho yakikuwasha, maranda yamelowa na kutoa amonia, na kuku wanaivuta hewa hiyo usiku na mchana. Mshike mmoja, umgeuze, utazame nyayo na kifundo cha mguu kwa nyuma. Alama za kahawia au nyeusi, kama ngozi iliyoungua, zinaonyesha kwamba amekaa muda mrefu juu ya maranda machafu, na mfugaji hawezi kuzificha kwa kufagia banda asubuhi ya ugeni wako. Tazama pia kama kuku wana nafasi ya kunyoosha mabawa, na kama maji ya kunywa ni masafi.

Kisha omba daftari la dawa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wafugaji waache kuwapa mifugo wenye afya antibiotiki kwa ajili ya kuwakuza au kuzuia magonjwa, kwa kuwa matumizi hayo huwazoesha vimelea dawa ambazo binadamu anazitegemea. Kuku mgonjwa ana haki ya kutibiwa, na hilo lisikutie hofu. Unachopaswa kukihakikisha ni kwamba siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kifungashio cha dawa, kati ya dozi ya mwisho na kuchinja, zimetimia. Hapa mnunuzi mwenyewe ana sehemu yake ya lawama: mgahawa unaopiga simu jioni ukitaka kuku wengi kesho yake unamsukuma mfugaji kuchinja kabla ya wakati. Toa oda wiki mbili mbele, na umhakikishie kwamba kundi likichelewa kwa sababu ya matibabu, utalisubiri na hutahamia kwa jirani yake.

Kwa kuku wa kienyeji wanaotoka Singida na Dodoma, swali kubwa ni safari. Wengi husafirishwa wakiwa wamesongamana kwenye matenga juu ya magari, juani, bila maji. Kubaliana na mletaji idadi ya kuku kwa kila tenga, safari ya usiku, na maji mara wanapofika, kisha uongeze bei kwa sababu hiyo. Ukidai matunzo bora kwa bei ileile ya zamani, utapata ahadi tu.

Ng'ombe wanaochinjwa Dar es Salaam hutoka mbali, na wengi hupitia mnada wa Pugu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kwa Waislamu, wajibu wa kunoa kisu na kutomtesa mnyama anayechinjwa umo katika mafundisho ya Mtume. Yapo pia masilahi ya jikoni. Ng'ombe aliyeshushwa kwenye lori akiwa amechoka, ana kiu na amepigwa, akachinjwa papo hapo, huwa amekwisha kuitumia sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli yake. Nyama yake haifikii kiwango cha asidi kinachotakiwa, hubaki nyeusi na kavu, na huharibika mapema. Kwa hiyo muulize mwenye bucha ng'ombe walipumzishwa na kunyweshwa maji kwa muda gani kabla ya kuchinjwa, na ukate mzigo wa kwanza mwenyewe uone rangi. Muhuri wa mkaguzi wa nyama usiuache kuutafuta hata siku moja.

Samaki wanahitaji jicho kali zaidi. Ukienda mnada wa Feri alfajiri, usitosheke na macho maangavu na mashavu mekundu. Uvuvi wa baruti ni marufuku, na madhara yake kwa matumbawe hudumu miaka mingi, lakini samaki wa baruti anaweza kuonekana mzima kwa nje. Mpasue mmoja mbele ya muuzaji: ukikuta damu imetapakaa tumboni, kibofu cha hewa kimepasuka, au uti wa mgongo umevunjika ilhali ngozi haina jeraha, usinunue hata mmoja katika fungu hilo. Kambakochi mwenye mayai chini ya mkia naye mkatae, hata ukipunguziwa bei.

Pweza anastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiye kitoweo ambacho uamuzi wa mnunuzi huonekana haraka majini. Hukua kwa kasi kubwa na huishi takriban mwaka mmoja au zaidi kidogo, na jike hutaga mara moja tu, huyalinda mayai yake bila kula, kisha hufa. Ndiyo maana jamii kadhaa za pwani, ikiwemo Kisiwa Panza huko Pemba, hufunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa na kuifungua pweza wakiwa wakubwa. Mgahawa unaonunua pweza wadogo huwakatisha tamaa wavuvi wanaosubiri. Weka kikomo chako cha chini kuwa nusu kilo, ukitangaze kwa wauzaji wote, na wakati wa kufungwa kwa miamba uondoe pweza kwenye menyu.

Kwa jodari, jambo la kwanza ni baridi. Akikaa joto, nyama yake hutengeneza histamini, sumu isiyoondoka kwa kupikwa, ambayo huwasha ngozi, huvimbisha uso na kuumiza kichwa. Katika joto letu, barafu isipungue uzito wa samaki wenyewe tangu chomboni hadi jikoni kwako.

Mboga za majani uliza maji yake kabla ya jambo lingine lolote, kwa maana mchicha wa bonde la Msimbazi unaweza kuwa mzuri kwa macho huku ukimwagiliwa maji yenye taka za viwanda na vyoo. Nyanya uliza siku ya mwisho ya kupigwa dawa. Ukitaka uthibitisho zaidi, tafuta wakulima wenye alama ya Kilimohai, iliyotokana na kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007. Vikundi vingi hukaguana vyenyewe kwa vyenyewe, na mnunuzi anaweza kuomba kushiriki ukaguzi huo. Karanga na mahindi yaliyovunda au kuingia ukungu yakatae yote, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu huo, haimalizwi na moto. Kiwango cha juu cha sumu hiyo kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na shehena kubwa inafaa kupimwa maabara.

Nunua kwa kilo, usinunue kwa lumbesa, na umlipe mkulima mdogo siku anapoleta mzigo. Anayesubiri malipo mwezi mzima atalazimika kuuza kwa mwingine au kupunguza matunzo. Mzigo wenye kasoro urudishe siku hiyohiyo, ueleze sababu kwa heshima, na umpe mletaji nafasi ya kurekebisha. Lakini aliyekudanganya kuhusu dawa au baruti usinunue kwake tena, hata kama chakula hicho kitakosekana mezani kwa wiki nzima.