Jinsi ya Kuendesha Ubishi wa "Nani Atakufa" Kwenye Sizoni za Mapepo

Kibanda umiza changu, cha kuonyesha video, kipo Mwanjelwa, hapa Mbeya. Mchana ni mpira. Usiku ni sizoni, yaani tamthilia za misimu, na zinazojaza mabenchi kuliko zote ni za mapepo na wanyonya damu. Watu hawaji kuangalia tu, wanakuja kubishana nani atakufa. Zamani nilidhani kazi yangu ni kuwanyamazisha. Siku hizi ubishi ndio ninaouandaa kwanza, kabla hata ya kuchomeka flashi. Hatua ninazofuata ni hizi, na zitakufaa hata kama mko watano tu chumbani hosteli, Iringa.

Hatua ya 1: Kubalianeni kufa ni nini

Ugomvi wote huanzia hapa. Kwenye picha za ngumi tulizokulia, steringi hafi, na adui akifa amekufa. Sizoni za mapepo hazina uhakika huo. Ndani ya Supernatural, iliyorushwa Marekani kuanzia 2005 hadi 2020, kuna sehemu ya msimu wa 3 ambapo Dean, mmoja wa ndugu wawili wanaowinda mapepo, anakufa zaidi ya mara 100, Jumanne ile ile ikijirudia. Siku tuliyoionyesha, kijana mmoja wa bodaboda alisimama akidai kapatia: alisema Dean atakufa, na kafa. Wenzake wakamjibu, mbona asubuhi kaamka? Tulipoteza nusu saa, maana sikuwa na kanuni.

Kanuni yangu sasa: kifo kinahesabika mhusika akimaliza msimu akiwa maiti. Akifufuka msimu unaofuata, hilo ni swali jipya. Kwa hiyo Dean anahesabiwa amekufa mwisho wa msimu wa 3, ingawa wa 4 unaanza akijichimbua kaburini.

Acha pia nafasi ya "katikati". Max, msichana wa sizoni ya Stranger Things, msimu wa 4, moyo wake unasimama zaidi ya dakika moja, kisha unarudi, naye anabaki hana fahamu. Mimi niliandika "hai". Dada mmoja muuza mitumba alikataa: Eleven, rafiki yake mwenye nguvu za akili, kaingia akilini mwa Max na kukuta utupu, sasa huyo aliye hai ni nani? Hoja ilikuwa nzito kuliko yangu. Nikachora safu ya tatu.

Hatua ya 2: Andikeni kabla ya kuangalia

Nunua daftari la kaunta. Kila mtu aandike jina lake, nani atakufa, na kwa nini. Asiyejaza "kwa nini" simsomi, hata awe mteja wangu wa kila siku. Na pesa isiwekwe. Ikishaingia pesa, watu wanaacha kufikiri, wanaanza kuombea mtu afe.

Hatua ya 3: Wafundishe kutafuta ushahidi

Hapa tumia muda mwingi kuliko kwingine kote. "Nahisi tu" isikubaliwe. Mimi huwaelekeza sehemu tatu.

Kwanza, sheria za ulimwengu wa sizoni yenyewe. Mwisho wa msimu wa 2 wa Supernatural, Sam anauawa, na kaka yake Dean anakwenda njia panda kufanya mapatano na pepo: mdogo wangu arudi, mimi nichukuliwe baada ya mwaka mmoja. Kwetu njia panda haihitaji maelezo. Benchi zima lilinyamaza. Baada ya hapo swali si kama Dean atakufa, ni kama kuna mlango wa kutoka kwenye mapatano. Mzee mmoja fundi cherehani aliandika: "Pepo hajakosea kuandika mkataba mahali popote tulipoona. Atachukuliwa." Ndivyo ilivyokuwa. Huo ndio ushahidi.

Pili, deni. The Vampire Diaries, sizoni ya wanyonya damu wawili ndugu, Damon na Stefan, ilimalizika Machi 2017, na wengi hapa walimwandika Damon, kwa sababu ya uovu wake wa miaka yote. Walisahau kwamba msimu ule ule Stefan alimuua Enzo, mpenzi wa Bonnie, na kwamba Stefan mwenyewe alikuwa amesharudishwa kuwa binadamu wa kawaida. Mtu mwenye damu ya kulipa, na mwili unaoweza kufa! Akafa Stefan, akimwachia kaka yake uhai. Ukitaka kumjua anayekufa, fuata deni, usifuate ubaya.

Tatu, mgeni anayependwa haraka. Stranger Things ina mtindo huo: Bob msimu wa 2, Alexei wa 3, Eddie wa 4. Waandishi wanataka tulie bila kuwagusa watoto wa tangu mwanzo.

Kitu kimoja nakikataza kabisa: kumfananisha mchawi wa kwenye sizoni na jirani wa mtaani. Akitajwa mtu wa kweli, nazima skrini.

Hatua ya 4: Aliyekwisha kuona mpe kazi

Ukimkemea atamwaga ubuyu kwa hasira. Mkabidhi daftari alitunze na alisome mwishoni. Akishaheshimiwa, anakaa kimya.

Hatua ya 5: Sehemu ikiisha, washa taa msome

Someni sababu, siyo majina ya waliopatia tu. Aliyekosea kwa hoja nzuri apigiwe makofi. Fanya haraka, watu wanarudi makwao na baridi ya Juni.

Kabla ya hatua zote

Hili nimelichelewesha kwa sababu nililijifunza mwisho. Usiku wa kuonyesha kifo cha Dean, mzee yule fundi cherehani aliingia amechelewa, viatu vina udongo mwekundu. Alikuwa ametoka Tukuyu kumzika kaka yake. Mimi sikujua, nikampelekea daftari na kalamu kama kawaida. Alilishika, akasoma majina ya wenzake mstari kwa mstari, akanirudishia. "Weka tu picha, mwanangu," akasema. "Ila leo usiniandike."

Alikaa benchi la nyuma hadi mwisho. Tangu usiku ule, kabla daftari halijazunguka, napita benchi kwa benchi nikiuliza nani katoka msibani.