Somo: Kupima jinsi kinasi DAF-2 inavyoathiri uzee na ustahimilivu wa joto kwa minyoo wa C. elegans

Swali la jinsi ya kupima kazi ya DAF-2 linarudi kila wiki, nami nimechoka kulijibu vipande vipande. Someni mpaka mwisho kwanza.

DAF-2 ni kipokezi chenye kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfeti) ndani yake, ndugu wa kipokezi cha insulini cha binadamu. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake walionyesha kuwa ikidhoofika, mnyoo huishi zaidi ya mara mbili ya kawaida, na DAF-16 (protini inayowasha jeni) isipokuwepo faida hiyo hupotea. Kwa hiyo tumia aina nne: N2 (ya kawaida, isiyo na kasoro), daf-2(e1370) yenye DAF-2 dhaifu, daf-16(mu86) isiyo na DAF-16, na yenye kasoro zote mbili. Bila hiyo ya nne hujui njia ya athari.

1. Andaa sahani za NGM (jeli ya kukuzia minyoo) zenye OP50 (bakteria wa chakula chao), zikauke vizuri.

2. Weka wazazi 10 kwa sahani, watage saa 3, kisha waondoe.

3. Kuza kwa nyuzi 15 za Selsiasi hadi L4 (hatua ya mwisho ya lava), ndipo uhamishie 20. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kwa nyuzi 25 e1370 hawakui: huingia dauer, hali ya kusitisha ukuaji: lava mwembamba, mweusi kidogo, anayetulia mpaka aguswe. Inkubeta ikipanda usiku mmoja tu unaweza kupata mchanganyiko, na aliyetoka dauer si wa rika moja na wenzake hata kama leo wanafanana. Weka kipimajoto ndani ya inkubeta, usiamini namba ya mlangoni. Pia e1370 hukua polepole kuliko N2, hivyo chagua kwa hatua ya L4, si kwa saa.

4. Angalau minyoo 100 kwa kila aina, 30 kwa sahani. Wahamishe kila siku wakiwa wanataga.

5. Hesabu kila baada ya siku 2. Asiyejongea ukimgusa kichwa kwa waya wa platinamu amekufa. Aliyepotea, aliyepasuka au aliyeanguliwa mayai tumboni hasomwi kuwa amekufa kwa uzee. Mwandike pembeni na tarehe.

6. Ustahimilivu wa joto: minyoo wakomavu wa siku ya kwanza, nyuzi 35, sahani zikiwa safu moja. Ukizirundika, za katikati huchelewa kupata joto, nawe utadhani aina hiyo ni sugu. Aliyezimia hufanana na maiti, basi tazama koromeo kama bado linapiga.

7. Anayehesabu asijue aina ipi ni ipi. Chora mkondo wa Kaplan-Meier (grafu ya walio hai kadiri siku zinavyopita).

MASWALI

Pilipili: Mkuu, nimeweka 25 ili niwahi, daf-2 wangu wamegoma kukua. Shida nini?

Jibu: Hatua ya 3. Anza upya.

Pilipili: Si niwarudishe 15 tu?

Jibu: Watatoka dauer, ndiyo. Usiwapime.

Mwanagenzi: Kwa nini kudhoofisha kinasi kumwongezee mtu, yaani mnyoo, maisha?

Jibu: Swali zuri. DAF-2 ikiwaka huamsha kimeng'enya AGE-1, nacho huamsha kinasi AKT-1 na AKT-2, ambazo hubandika fosfeti kwenye DAF-16. DAF-16 yenye fosfeti hubaki nje ya kiini cha seli. DAF-2 ikilegea, huingia kiini na kuwasha jeni za ulinzi, kwa mfano sod-3. Ukiwa na minyoo wenye DAF-16 iliyounganishwa na GFP (protini inayong'aa kijani) utaiona ikihama kwa macho yako. Ila usiwacheleweshe kwenye kioo chini ya taa: joto peke yake huihamisha.

Kibuyu: Nitumie FUdR (dawa ya kuzuia uzazi) ili wasizae?

Jibu: Mikromola 50 inatosha, kwa aina zote bila kubagua. Lakini yenyewe hurefusha maisha ya baadhi ya mutanti, kama tub-1 na gas-1, kwa hiyo rudia jaribio moja bila dawa.

Mwanagenzi: RNAi (kuzima jeni kwa RNA wanayokula kwenye bakteria) badala ya mutanti?

Jibu: Inafaa, tena kwa daf-2 unaweza kuanza wakiwa wamekwisha kukomaa na bado wakaishi zaidi. Tumia bakteria HT115, na IPTG (kemikali ya kuwafanya watengeneze RNA hiyo) milimola 1. Kulinganisha ni HT115 yenye L4440 tupu (plasmidi, yaani DNA ya duara, isiyobeba kipande cha jeni), si OP50, maana chakula chenyewe hubadilisha umri.